Woking: Mji wa Wasafiri na Deni la Halmashauri

Katika nchi ya Uingereza, upande wa kusini-magharibi wa London, uko mji unaoitwa Woking. Kutoka Woking mpaka London ni karibu kilomita 40. Mtu akipanda treni ya kasi, safari huchukua kama nusu saa tu.

Kila siku ya kazi, tangu alfajiri, watu wa Woking humiminika stesheni. Wanapanda treni na kwenda London. Huko wanafanya kazi katika mabenki, maofisi, mahospitali na maduka. Jioni wanapanda treni tena na kurudi nyumbani kulala. Mji kama huu, ambao watu wake wengi hulala hapa na kufanya kazi kule, tutauita mji wa wasafiri.

Pengine utauliza: Mji wa Wazungu ulio mbali hivi unatuhusu nini sisi? Unatuhusu. Mwaka 2023 halmashauri ya mji huu ilitangaza kwamba fedha zake hazitoshi kulipia matumizi yake. Ilikuwa na deni kubwa ajabu. Mji ulikuwa na nyumba nzuri, watu wenye mishahara mizuri, na maghorofa mapya yanayong'aa. Hata hivyo halmashauri yake ilikwama. Katika somo hili tutaona mji huo ulivyokua, unavyoongozwa, na jinsi ulivyoingia katika deni.

1. Reli ndiyo iliyojenga mji

Zamani Woking kilikuwa kijiji kidogo kando ya mto Wey. Jirani yake palikuwa na ardhi kubwa ya vichaka, isiyo na rutuba nyingi. Ardhi hiyo ilitumiwa na wanakijiji kwa pamoja. Walichunga mifugo yao humo na kupata vitu vya kuwashia moto.

Mwaka 1838 reli kutoka London ilifika. Wajenzi hawakuipitisha kijijini. Waliipitisha katikati ya vichaka, wakajenga stesheni huko. Kijiji cha zamani kikabaki pembeni. Mpaka leo kinaitwa Old Woking, yaani Woking ya zamani.

Baadaye likatokea jambo la ajabu. Mji wa London ulikuwa umejaa watu, na makaburi yake pia yalikuwa yamejaa. Mwaka 1852 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuiruhusu kampuni moja inunue ardhi ya vichaka ya Woking ili iwe mahali pa kuzika watu wa London. Makaburi hayo yanaitwa Brookwood. Yalifunguliwa mwaka 1854. Palikuwa na treni maalumu ya kuleta maiti na waombolezaji kutoka London. Treni hiyo iliendelea na kazi mpaka mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, stesheni yake ya London ilipopigwa kwa mabomu.

Kampuni ilikuwa imenunua ardhi nyingi kuliko iliyohitaji kwa makaburi. Ardhi iliyozidi iliuzwa kwa watu wa kujenga nyumba. Hivyo mji mpya ukaota kandokando ya stesheni. Mwaka 1937 treni za umeme zilianza kufika Woking badala ya zile za moshi. Safari ikawa nyepesi, na watu wa London wakazidi kuhamia.

Kuna jambo jingine la kukumbuka katika historia ya Woking. Mwaka 1889 ulijengwa hapo msikiti wa Shah Jahan. Huo ndio msikiti wa kwanza katika Uingereza kujengwa tangu msingi wake uwe msikiti. Umepewa jina la Begum Shah Jahan, mtawala wa Bhopal katika Bara Hindi, ambaye alitoa fedha za kuujenga.

2. Watu wa Woking wanaishije?

Hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba eneo la halmashauri ya Woking lina watu karibu 104,000.

Si wote wanaokwenda London. Wako walimu, wauza maduka, mafundi na madereva wanaofanya kazi papo hapo mjini. Kampuni ya McLaren, inayotengeneza magari ya mashindano, ina makao yake Woking. Kila siku wako watu wanaotoka miji mingine kuja Woking kufanya kazi.

Lakini London ndiyo inayovuta zaidi. Mishahara ya London ni mikubwa. Mtu anayeishi Woking anaweza kupata mshahara wa London na huku akalala mahali penye miti na hewa safi. Ndiyo sababu watu wengi hutaka nyumba karibu na stesheni, na bei ya nyumba hizo hupanda. Nauli nayo ni mzigo. Msafiri wa kila siku hununua tiketi ya mwezi au ya mwaka mzima, na tiketi hiyo hula sehemu kubwa ya mshahara.

Mji wa namna hii hutegemea sana safari za watu. Mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa korona, watu waliambiwa wafanye kazi nyumbani. Treni zikawa tupu. Viwanja vya kuegesha magari vikawa wazi, na fedha za maegesho zikapungua. Ugonjwa ulipopungua, wengi hawakurudi tena kwenda London siku zote tano za juma.

3. Nani anaendesha mji?

Woking imo katika wilaya kubwa inayoitwa Surrey. Kwa miaka mingi mtu wa Woking alikuwa chini ya halmashauri mbili kwa wakati mmoja.

Halmashauri ya kwanza ni ile kubwa ya Surrey. Hiyo hushughulikia shule, barabara, maktaba, zimamoto, na matunzo ya wazee na walemavu.

Halmashauri ya pili ni ile ndogo ya mji wa Woking. Hiyo hushughulikia kuzoa taka, bustani, maegesho ya magari, vibali vya kujenga, na nyumba za kupangisha watu wenye kipato kidogo.

Halmashauri ya Woking ina madiwani 30. Mji umegawanywa katika kata 10, na kila kata huchagua madiwani watatu. Kila mtu mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, aliyeandikishwa kwa mujibu wa sheria, anaweza kupiga kura. Madiwani ndio wanaoamua. Maofisa walioajiriwa ndio wanaotekeleza. Mmoja wa maofisa hao ni mweka hazina, anayesimamia fedha zote.

4. Fedha za halmashauri zinatoka wapi?

Kila nyumba hulipa kodi ya halmashauri. Nyumba zimegawanywa katika madaraja manane, kuanzia A hadi H, kufuata thamani ya nyumba hiyo ilivyokuwa mwaka 1991. Nyumba ya thamani ndogo hulipa kidogo. Nyumba ya thamani kubwa hulipa zaidi.

Kodi hiyo hukusanywa na halmashauri ya Woking, lakini fedha nyingi hazibaki Woking. Mwaka 2023, katika kila pauni 100 alizolipa mwenye nyumba, kama pauni 75 zilikwenda halmashauri ya Surrey. Kama pauni 14 zilikwenda kwa polisi. Zilizobaki kwa halmashauri ya Woking zilikuwa kama pauni 11 tu.

Fedha nyingine hutoka serikali kuu, na nyingine katika ada na kodi za majengo. Tangu mwaka 2010 serikali kuu ilianza kupunguza fedha ilizokuwa ikizipa halmashauri. Halmashauri nyingi zikaanza kutafuta njia nyingine za kupata fedha. Hapo ndipo safari ya deni ilipochukua kasi.

5. Jinsi halmashauri ilivyokopa

Katika Uingereza halmashauri inaweza kukopa kutoka hazina ya serikali kuu kwa riba ndogo. Woking ilikopa, ikazikopesha fedha hizo kwa kampuni zake yenyewe kwa riba kubwa zaidi.

Tuchukue mfano mdogo. Unakopa shilingi 100 kwa riba ya shilingi 3 kwa mwaka. Halafu unamkopesha ndugu yako shilingi hizo hizo 100 kwa riba ya shilingi 5. Kila mwaka unabaki na shilingi 2. Ni biashara nzuri, alimradi ndugu yako analipa. Lakini biashara yake ikienda vibaya asilipe, deni linabaki shingoni mwako. Yule aliyekukopesha wewe hamjui ndugu yako. Anakujua wewe.

Fedha nyingi zilikwenda katika mradi wa Victoria Square katikati ya mji. Yalijengwa maduka, hoteli, maegesho ya magari na nyumba za kupanga katika minara mirefu. Mmoja una ghorofa zaidi ya 30. Mtu huiona akiwa mbali kabla hajafika mjini. Gharama yake ilifika mamia ya mamilioni ya pauni. Lakini thamani ya majengo na mapato yake havikulingana na fedha zilizokopwa.

Kulikuwa na kosa jingine. Sheria inaitaka halmashauri yenye deni itenge fedha kila mwaka za kulipa mkopo wenyewe, si riba peke yake. Woking haikutenga fedha za kutosha. Kwa hiyo katika vitabu vya hesabu mambo yalionekana mazuri kuliko yalivyokuwa.

Tena, zamani kulikuwa na chombo cha taifa kilichosimamia ukaguzi wa hesabu za halmashauri zote za Uingereza. Chombo hicho kilifungwa mwaka 2015. Kazi ikaachiwa makampuni ya ukaguzi, na katika halmashauri nyingi ukaguzi ukachelewa kwa miaka.

6. Siku mweka hazina alipotoa tangazo

Mwezi wa Mei 2022, baada ya uchaguzi, uongozi wa halmashauri ulipita mikononi mwa chama kingine. Mwezi wa Mei 2023 serikali kuu ilipeleka makamishna wa kuisimamia halmashauri.

Tarehe 7 Juni 2023 mweka hazina alitoa tangazo chini ya kifungu cha 114 cha sheria ya fedha za halmashauri ya mwaka 1988. Kifungu hicho kinasema kwamba mweka hazina akiona matumizi yatazidi fedha zilizopo, lazima awaandikie madiwani wote na mkaguzi wa hesabu. Hana hiari. Madiwani nao lazima wakutane katika muda wa siku 21. Toka siku hiyo matumizi mapya yote husimama, isipokuwa yale yanayolazimishwa na sheria.

Tazama hesabu zenyewe. Fedha za msingi za halmashauri kwa mwaka ule zilikuwa pauni milioni 16. Pengo lililoonekana lilikuwa pauni bilioni 1.2. Bilioni moja ni milioni 1,000. Kwa hiyo pengo lilikuwa pauni milioni 1,200.

Gawanya 1,200 kwa 16. Utapata 75. Maana yake, halmashauri ingehitaji fedha zake zote za miaka 75 ili kuziba pengo hilo, bila kuzoa hata pipa moja la taka. Ni kama mkulima anayepata shilingi 1,600,000 kwa mwaka, halafu akagundua kwamba amepungukiwa shilingi 120,000,000.

Deni lote lilikuwa karibu pauni bilioni 2. Ukiligawa kwa watu wote wa Woking, pamoja na watoto wachanga, kila mmoja angebeba karibu pauni 19,000.

7. Nani alibeba mzigo?

Waliotia sahihi mikopo hawakuulizwa kuilipa kutoka mifukoni mwao. Mzigo uliwaangukia wananchi.

Vyoo vya umma vilifungwa. Misaada kwa vikundi vya wananchi ilipunguzwa. Wafanyakazi wa halmashauri walipunguzwa. Mwaka 2024 halmashauri iliruhusiwa kuongeza sehemu yake ya kodi kwa karibu asilimia 10. Kwa kawaida, halmashauri kama hiyo haiwezi kuongeza zaidi ya asilimia 3 hivi bila kuwaita wananchi wapige kura.

Fikiri juu ya vyoo. Msafiri anayetoka London jioni huenda asione tofauti kubwa, kwa sababu hupita tu kutoka stesheni kwenda nyumbani kwake. Lakini mzee anayeshinda mjini huona, na mama mwenye mtoto mdogo huona. Anayetegemea sana huduma za umma ndiye huumia kwanza zinapokatwa.

Mwezi wa Oktoba 2025 serikali kuu ilitangaza mambo mawili. La kwanza, halmashauri zote 12 za eneo la Surrey, ile kubwa na zile ndogo 11, zitavunjwa. Mahali pake ziwekwe halmashauri mbili, moja ya mashariki na moja ya magharibi, zianze kazi mwezi wa Aprili 2027. Woking itaingia katika ile ya magharibi. La pili, serikali kuu italipa pauni milioni 500 za deni la Woking.

Fedha za serikali kuu ni kodi za watu wa nchi nzima. Kwa hiyo deni la mji mmoja limewafikia hata watu ambao hawajapata kukanyaga Woking.

Wala Woking haikuwa peke yake. Croydon ilitoa tangazo kama hilo mwaka 2020, Slough mwaka 2021, Thurrock mwaka 2022, na mji mkubwa wa Birmingham mwaka 2023. Sababu zao zilitofautiana, lakini wote walifika mahali pamoja: matumizi yalizidi fedha.

8. Tunajifunza nini?

Kwanza, mkopo peke yake si dhambi. Reli nyingi, shule na mabomba ya maji duniani yamejengwa kwa mkopo. Hatari ni kukopa pasipo kujua utalipaje, na kukopa kupita uwezo wako.

Pili, jengo refu si dalili ya utajiri. Mtu anayepita Woking huona minara inang'aa. Deni halionekani barabarani. Deni limeandikwa katika vitabu, na anayetaka kuliona lazima asome.

Tatu, deni la halmashauri ni deni la wananchi. Viongozi huja na kuondoka. Deni hubaki pale pale pamoja na wenyeji.

Nne, sheria nzuri husaidia. Mweka hazina wa Woking alikuwa na wajibu wa kusema ukweli kwa maandishi, na akausema. Lakini tangazo lilikuja deni likiwa limekwisha kuwa kubwa mno. Kengele ya moto ni kitu chema, ila ingefaa ilie nyumba ingali na moshi tu.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma na kuhesabu. Taarifa ya mapato na matumizi ikibandikwa ukutani, usiipite kama picha. Simama uisome. Tafuta mistari mitatu: kilichoingia, kilichotoka, na tunachodaiwa. Ukiona mstari wa tatu haupo, nyosha mkono mkutanoni uulize.

Maneno ya kukumbuka

Riba: fedha za ziada ambazo mkopaji hulipa juu ya mkopo.
Mweka hazina: ofisa anayetunza na kusimamia fedha.
Mkaguzi: mtu anayechunguza kama hesabu ni za kweli.
Pengo: kiasi kinachopungua ili fedha zitoshe.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mji mpya wa Woking ulikua karibu na stesheni na si katika kijiji cha zamani?
2. Taja kazi tatu za halmashauri kubwa ya Surrey na kazi tatu za halmashauri ndogo ya Woking.
3. Mtu amekopa shilingi 50,000 kwa riba ya shilingi 4 kwa kila shilingi 100 kwa mwaka. Atalipa riba ya shilingi ngapi kwa mwaka mmoja?
4. Vyoo vya umma vya Woking vilipofungwa, nani aliumia zaidi? Toa sababu.
5. Je, kikundi chenu au kijiji chenu kina mkopo? Nani anajua umebaki kiasi gani, na mara ya mwisho wanachama wote waliambiwa lini?